Dawa za Afya ya Akili: Wapi pa Kuendelea Kutibiwa Karibu na Nyumbani?

Katika jumuiya zetu nyingi yupo mtu aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, akapata nafuu, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Baada ya muda dawa huisha, nauli ya kurudi hospitali kubwa hakuna, na ugonjwa hurudi. Familia nyingi zinajua pa kuanzia matibabu. Kinachozisumbua ni pa kuyaendeleza. Tuitazame njia iliyopo hapa Tanzania.

Kwa nini dawa zifuatiliwe?

Dawa hizi haziandikwi mara moja zikaachwa zijiendeshe. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla mgonjwa hajaona nafuu, hivyo wengi huziacha mapema wakidhani hazifanyi kazi. Dawa za skizofrenia zinaweza kuleta kutetemeka, misuli kukakamaa au kunenepa. Hayo yanatibika, kwa kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, lakini lazima mtaalamu aambiwe. Anayetumia lithiamu huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, maana kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana sana. Mwanamke anayeweza kupata mimba aseme mapema, kwa sababu dawa kama valproeti zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na anayejisikia amepona asiache dawa ghafla: mara nyingi amepona kwa sababu anazimeza.

Wapi pa kwenda?

Anza karibu. Fika zahanati au kituo cha afya, kisha uliza hospitali ya wilaya kama ina kliniki ya afya ya akili na inafanyika siku gani. Unaweza pia kumwulizia mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Mara nyingi mhudumu wa kliniki hiyo ni muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hii, naye anaweza kuendeleza dawa zilizoanzishwa na daktari bingwa. Wagonjwa wa kifafa nao mara nyingi huhudumiwa hapo hapo. Tatizo likizidi, rufaa huenda hospitali ya mkoa, na juu yake hospitali kama Mirembe ya Dodoma, Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, au Bugando ya Mwanza, iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali kubwa, omba barua ya kurudishwa wilayani. Iandikwe jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, na tarehe ya sindano inayofuata kama mgonjwa yuko kwenye sindano ya kila mwezi. Ukifika kliniki ya karibu, uliza mambo matatu: Je, dawa hizi zipo hapa? Zikiisha, zipatikane wapi? Gharama ni kiasi gani, na je, bima inalipa? Asiye na uwezo aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa malipo.

Anayetishia kujiua au kudhuru wengine apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asifungwe kamba, wala asisubiri siku ya kliniki.

Nafasi ya mchungaji

Kanisa halitutaki tuchague kati ya sala na dawa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamsifu tabibu na dawa zitokazo ardhini kama kazi ya Mungu. Katekisimu, namba 1673, inatenganisha wazi ugonjwa, hasa wa akili, na kazi ya Mwovu, na kuuweka ugonjwa mikononi mwa tiba. Sheria ya Kanisa, kanuni 1172, hairuhusu mtu yeyote kupunga pepo bila idhini ya pekee ya askofu mahalia. Basi padre, frateri au kiongozi wa kikundi cha sala asimwambie mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani.

Hata mfungo una nafasi yake. Maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi (kanuni 919), na mgonjwa hadaiwi kufunga kwa namna itakayomdhuru. Mtumiaji wa lithiamu hasa asijinyime maji.

Ndugu zangu mafrateri, nasi tunaweza kuugua. Anayetumia dawa na anakwenda likizo au mwaka wa uchungaji, aondoke na barua yake na dawa za kutosha mpaka afike kliniki mpya.

Parokia inaweza kuanza na jambo dogo: kamati ya afya iulize wilayani siku za kliniki, ibandike tangazo kwenye ubao wa kanisa, na jumuiya ichange nauli ya mgonjwa mmoja. Nauli hiyo ikipatikana kila mwezi, huenda mgonjwa huyo asilazwe tena.