Kwa Nini Bibi Huunga Mboga kwa Karanga

Hadithi! Hadithi njoo!

Hapo Tunduma, mji wa mpakani ambako malori hupanga foleni kuingia Nakonde, Zambia, aliishi binti wa darasa la nne na bibi yake. Mchana mmoja alitengewa ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Akasukuma bakuli pembeni.

"Bibi, hii sili. Nimesikia mafuta yanaharibu moyo."

Bibi hakumgombeza. Alichukua punje mbili za karanga, akaziponda juu ya karatasi ya daftari kuukuu, akapangusa unga. Pembeni akadondosha tone la maji. "Ngoja kidogo, mjukuu wangu, kisha inua karatasi uitazame kwenye mwanga."

Maji yalikuwa yamekauka. Pale palipopondwa karanga palibaki doa linalopitisha mwanga.

"Hayo ndiyo mafuta," alisema bibi. "Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ufuta unaolimwa wilayani Momba nao ni hivyo hivyo. Kaa nikueleze kazi yake."

Nanyi wanangu tegeni sikio, maana maneno haya yanawahusu.

Kazi ya kwanza ni kutia nguvu. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, lakini gramu moja ya wanga au protini hutoa 4 tu. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Ukimpa uji mwepesi mtupu, tumbo linajaa kabla mwili haujatosheka. Kijiko cha karanga zilizosagwa hubadili uji huo.

Kazi ya pili ni kujenga ubongo. Ukiondoa maji yote katika ubongo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Ndiyo maana karibu nusu ya nguvu iliyomo katika maziwa ya mama hutokana na mafuta.

Kazi ya tatu ni kubeba vitamini. A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Majani ya maboga yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Mboga ikichemshwa kwa maji na chumvi tu, sehemu kubwa ya kitu hicho hupita tumboni bila kutumika.

"Basi mbona wanasema mafuta ni mabaya?" binti akauliza.

"Hawakukudanganya, ila hawakumaliza," bibi akajibu. "Mafuta hayafanani. Ya karanga, ufuta, alizeti, parachichi na samaki ni rafiki wa moyo. Ya nyama iliyonona, kula kidogo. Yale ya chipsi yaliyochemshwa mara nyingi mpaka yakawa meusi, yaepuke. Na hata yaliyo mazuri, yakizidi yanadhuru."

Kisha akamwonyesha ungo. Karanga zilizosinyaa au kuota ukungu alikuwa amezitenga na kuzitupa, kwa sababu huweza kuwa na sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kukaanga wala kuchemsha.

Wanangu, ghala lililojaa mahindi halitoshi kumkuza mtoto. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, inayovuna chakula kwa wingi. Kudumaa kuna sababu nyingi, maradhi yakiwemo, na mojawapo ni kula chakula cha aina moja kila siku. Mkoa wetu wa Songwe una mahindi, maharage, karanga, ufuta, alizeti na parachichi. Tuvile vyote, tusiviuze vyote.

Binti alivuta bakuli, akala, na jioni akamsagia mdogo wake karanga za uji. Nawe leo, ukishanawa mikono, tazama sahani yako ujiulize: mafuta yako wapi, yametoka katika nini, na je, yanatosha bila kuzidi? Jibu ukilipata, mfundishe mdogo wako.