Mwomba Hifadhi Mbele ya Hakimu

Makureshi walipotuma wajumbe na zawadi Habasha ili Waislamu waliokimbilia huko warudishwe Makka, Najashi alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Habari hii tumeipokea kwa Mama yetu Ummu Salama, Allah amridhie, aliyekuwa miongoni mwa wakimbizi hao.

Leo huko Marekani wapo viongozi wanaodai kwamba waomba hifadhi wakiachiwa hawarejei mahakamani. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, kutokana na kumbukumbu za serikali za 2008 hadi 2018, ulionyesha kinyume: asilimia 83 ya wasiozuiliwa walihudhuria vikao vyao vyote, na kwa wenye mawakili ni asilimia 96. Lakini katika mahakama za uhamiaji, asiye na uwezo kwa kawaida hapewi wakili na serikali.

Tangu mwaka 2025 maafisa wa uhamiaji wamewakamata watu waliotii wito, kwenye majengo yale yale ya mahakama. Mama mwenye watoto amekuwa baina ya khofu mbili: akienda, huenda akakamatwa; asipokwenda, hakimu aweza kuamuru afukuzwe bila ya kusikilizwa.

Enyi mama na dada zetu wenye jamaa huko, wausieni watafute wakili mapema, wasikose kikao kimya kimya, na wakihama waijulishe mahakama anwani mpya ndani ya siku 5 za kazi. Na mwenye mamlaka ajue kuwa amwitaye mtu kwenye haki kisha akamtegea mlangoni, huwafundisha wengine kujificha.

Allah awahifadhi walio ugenini. Amin.