Pete ya Pofirini: Kutoka Jani la Chai hadi Tiba ya Malaria
Jani la chai la Vugiri, wilayani Korogwe, na damu ya mchumaji wake zina muundo mmoja wa kikemia: pete ya pofirini, yenye piroli nne. Katika klorofili (ambayo pete yake, kwa usahihi, imeongezewa haidrojeni mbili) hushika magnesiamu. Katika hemu hushika chuma. Kimelea cha malaria kinapomeng'enya hemoglobini, hemu inayobaki ni sumu kwake, hivyo huigeuza kuwa fuwele. Klorokwini huzuia hatua hiyo. Tanzania iliiacha dawa hiyo mwaka 2001 kwa sababu ya usugu. Hata hivyo, hemu haikubadilika. Kilichobadilika ni protini ya kimelea, ambayo sasa huitoa klorokwini ndani ya kifuko cha umeng'enyaji. Artemeta, iliyomo katika dawa mseto ya sasa, nayo huamshwa na chuma kilekile cha hemu.