Nakala Yenye Haijajaribiwa Siyo Nakala

Leo tuongee na wale wenye wanatunza tovuti: ya chama, ya shule, ya parokia, ya duka la mjomba. Wengi wetu tunafanya hiyo kazi bila mshahara, usiku, na mega za kununua. Njo maana ikiharibika inauma mara mbili.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa natunza tovuti ya chama kimoja cha wanafunzi wa zamani. Ndani mulikuwa orodha ya wanachama, michango yao, na TFC zenye wakubwa wetu walikubali tuweke ili wadogo wasome. Siku moja malipo ya seva yakachelewa, juu kila mtu alifikiri mwenzake amelipa. Akaunti ikafungwa, kisha ikafutwa. Mimi nikasema: "Hakuna shida, niko na nakala." Kumbe nakala zote zilikuwa ndani ya ile seva ile ile. Mweka hazina akaniuliza polepole tu: "Yaya, sasa michango ya watu iko wapi?" Mpaka leo sina jibu la kumupa.

Usifikiri ni sisi wadogo tu. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la seva za kampuni OVH kule Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja wenye walipoteza tovuti na nakala pamoja, juu vyote vilikuwa mahali pamoja. Na tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata ya kweli, akifikiri yuko ku seva ingine. Walikuwa na njia nyingi za nakala, lakini walipozitafuta wakakuta nyingi hazifanyi kazi. Walirudisha ya masaa sita mbele ya ajali, na kazi ya yale masaa ikapotea.

Kwa hiyo nakala nzuri iko na sifa tatu: inajifanya yenyewe, inakaa mbali na seva, na imejaribiwa. Tuzipitie, kwa mfano wa seva ya Linux yenye MySQL ao MariaDB. Majina (admin, chama, wanachama) utaweka yako.

1. Ficha neno la siri

Usiandike neno la siri ndani ya amri, juu linaweza kubakia ku historia ya amri zako. Tengeneza faili ~/.my.cnf:

```
[client]
user=chama
password=NENO_LAKO_LA_SIRI
```

Kisha uifunge, wewe peke yako uweze kuisoma:

```
chmod 600 ~/.my.cnf
```

2. Skripti ya nakala

Weka hii ndani ya /home/admin/nakala.sh:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
umask 077
SIKU=$(date +%F)
mkdir -p /home/admin/nakala
cd /home/admin/nakala

# hifadhidata
mysqldump --single-transaction --no-tablespaces chama | gzip > chama-$SIKU.sql.gz

# picha na mafaili ya watu
tar -czf faili-$SIKU.tar.gz -C /var/www/chama uploads

# futa zenye zimepita wiki mbili
find . -name "*.gz" -mtime +14 -delete
```

Mustari wa pili unaonekana kidogo lakini njo moyo wa kazi. Bila pipefail, mysqldump ikianguka, gzip itaendelea kama hakuna kitu, na utabakia na faili yenye jina zuri na tumbo tupu. Na juu ya ile -e, hatua moja ikikosa, skripti inasimama pale pale mbele ya kufika ku kufuta. Hautafuta nakala nzuri za zamani wakati mpya imeharibika.

--single-transaction inafanya nakala ikamate hali moja ya hifadhidata bila kuzuia watu wenye wanaandika wakati ule. Lakini inafaa tu kwa meza za aina ya InnoDB. Kama tovuti yako ni ya zamani sana, angalia kwanza.

3. Ijifanye yenyewe

```
chmod 700 /home/admin/nakala.sh
crontab -e
```

Ongeza mustari huu:

```
30 2 * * * /home/admin/nakala.sh >> /home/admin/nakala.log 2>&1
```

Mitego iko miwili. Wa kwanza ni saa: seva nyingi zinafuata saa ya UTC. Kama yako ni hivyo, 2:30 yake ni 3:30 ya Kinshasa na 4:30 ya Goma, Bukavu ao Lubumbashi. Andika "date" ujue. Wa pili ni alama ya %. Ndani ya crontab, cron inaihesabu kama mwisho wa mustari. Njo sababu tumeweka date +%F ndani ya skripti, siyo ndani ya crontab. Watu wengi wamelia hapo.

4. Itoke nje ya seva

Hapa njo nilianguka mimi. Ku kompyuta yako ya nyumbani, fanya hivi:

```
rsync -av --partial admin@seva-yako:/home/admin/nakala/ ~/nakala-chama/
```

--partial ni rafiki yetu sisi wenye mtandao wa kukatika: faili yenye ilifika nusu haitupwe, ukianza tena rsync inatumia ile sehemu yenye imekwisha kuingia. Mega zako haziende bure. Angalia tena: kompyuta yako njo inavuta, siyo seva inasukuma. Mwizi akiingia ku seva, hatakuta hapo ufunguo wa kufika nyumbani kwako. Na usiongeze --delete, juu siku seva itakuwa tupu, kompyuta yako nayo itafutwa.

Lakini kompyuta inaibiwa, na umeme wetu unajulikana. Mara moja kwa mwezi, weka nakala ku diski ya nje na uiachie mtu mwingine wa kuaminika. Kumbuka ndani mumo majina na makuta ya watu. Siyo flash ya kuazimana.

5. Ijaribu

Ku kompyuta yako, siyo ku seva yenye inafanya kazi, weka tarehe ya faili kisha:

```
mysql -e "CREATE DATABASE jaribio"
gunzip -c chama-TAREHE.sql.gz | mysql jaribio
mysql jaribio -e "SELECT COUNT(*) FROM wanachama"
```

Hesabu yenye itatokea ilingane na ya tovuti. Fungua pia picha mbili tatu za ile tar. Kama haifunguke leo wakati umetulia, haitafunguka siku ya machozi.

La mwisho siyo la kompyuta. Tarehe ya kulipa seva ijulikane na watu wawili, na neno la siri lijulikane na watu wawili. Fundi anaweza kusafiri, kugonjwa, ao kupata kazi mbali. Chama kitabakia.

Sisi tulianza orodha upya, mtu kwa mtu, kwa simu. Wengine walituamini. Wengine walisema walikwisha kulipa, na hatukuwa na karatasi ya kukubali wala ya kukataa. Usiku huu, mbele ya kulala, fungua seva yako ujiulize swali moja: hii mashine ikizimika sasa hivi, kesho asubuhi nitaanzia wapi?