Kupanda Huchosha, Kushuka Huvunja

Mwezi huu tunazungumzia baiskeli. Huenda wengine watauliza baiskeli imeingiaje katika ukurasa wa afya. Jibu liko wodini kwetu. Huku Ring'wani, na ng'ambo ya mto upande wa Tarime, baiskeli bado ni gari la familia. Inabeba ndizi, mahindi, madumu ya maji, mama na mtoto wake, na mara nyingine mgonjwa. Pikipiki zimejaa siku hizi, lakini baiskeli haidai petroli, kwa hiyo haijaondoka.

Nchi yetu ni nzuri kwa mpanda baiskeli, na ni ngumu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini nyanda za juu za Tarime zinafika mita 1,500 na zaidi. Katikati umepita Mto Mara. Anayetoka Ring'wani kwenda Tarime hana budi ateremke bondeni, avuke, kisha apande, na wakati wa kurudi ni hivyo hivyo. Ukifika juu asubuhi, upepo ni wa baridi, migomba na mibuni imekuzunguka, na bonde zima liko chini ya macho yako. Hapo ndipo mtu hujisikia mwepesi, akaiachia baiskeli ijiendee.

Kupanda kuna taabu yake. Katika mwinuko wetu kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pumzi ya mtu wa Dar es Salaam. Aliyezaliwa huku mwili wake umezoea. Lakini mwenye upungufu wa damu, mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wasishindane na kilima. Washuke wasukume. Kusukuma si aibu! Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, mji wenye mwinuko unaokaribiana na wetu. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5 za vilima mfululizo, na wengi wa mabingwa hao waliishia njiani. Beba maji ya kunywa, na usisubiri kiu kali ndipo unywe. Anayehisi kifua kinambana asimame apumzike. Kikiendelea kubana, aje hospitali siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, wanaoletwa kwetu kwa machela si waliokuwa wakipanda. Ni waliokuwa wakishuka.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa akigonga mti, ni kama ameanguka kutoka mita moja na nusu hivi. Akiwa na kilomita 40 kwa saa, na mteremko wa kwetu humfikisha huko bila hata kukanyaga pedeli, ni kama ameanguka kutoka mita 6. Sasa mfungie gunia la mahindi nyuma. Breki zile zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja zinatakiwa kuzuia uzito mara mbili.

Na breki zenyewe? Wengi tunawaona wakisugua tairi kwa kandambili. Hiyo si breki. Kabla ya kuondoka nyumbani, bana breki zote mbili na uisukume baiskeli mbele kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, nenda kwanza kwa fundi. Raba za breki ni rahisi kuliko goti. Mvua ikinyesha, ringi ya chuma ikilowa, hata breki nzima hushika kidogo mno, teremka ukitembea. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, maana changarawe hapo huteleza kama punje za mahindi sakafuni. Usibane breki ya mbele peke yake kwa ghafula, utarushwa juu ya usukani.

Kuhusu kofia ngumu, vijana husema ni mambo ya Wazungu. Hao Wazungu nao waliikataa kwa miaka mingi. Mwaka 1995 Fabio Casartelli wa Italia alikufa katika Tour de France, akiteremka mlima bila kofia. Machi 2003 akafa Andrei Kivilev wa Kazakhstan, naye bila kofia, na mwaka huo huo ndipo ikawa lazima. Kofia haimalizi hatari yote, lakini fuvu halina spea. Ukiipata, ivae na uifunge kidevuni.

Wazazi, tazameni miguu ya watoto. Mtoto anayeketi kwenye keria huchoka, mguu ukaning'inia, kisigino kikaingia kwenye spoki. Usiuvute. Simamisha, rudisha gurudumu nyuma polepole, au kata spoki. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, umlete, hata kidonda kikionekana kidogo. Ngozi iliyosagwa huweza kufa baada ya siku kadhaa, na mfupa huenda umevunjika. Majivu, kinyesi cha ng'ombe na unga wa betri visiguse hapo. Tutaangalia pia kama anahitaji sindano ya pepopunda. Kinga yake ni rahisi: kata plastiki ya ndoo kuukuu, uifunge pembeni mwa gurudumu la nyuma kuziba spoki, na umwekee mahali pa kukanyaga.

Aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, akacheka na wenzake, kisha akazidiwa usiku. Asiachwe peke yake kwa saa 24, na asipewe pombe ya kutuliza maumivu. Akitapika mara kwa mara, akisinzia hata kuamka kukawa shida, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege, au maji maangavu yakimtoka puani au sikioni, usingojee kukuche. Na anayeumwa shingo au mgongo asikalishwe kwenye baiskeli wala katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa kikizuiwa kisigeuke, abebwe.

Lililobaki ndilo linalotutia hofu kuliko yote, kwa sababu halina damu ya kuonekana. Mtoto anaanguka, ncha ya usukani inamchoma tumboni. Pengine kuna alama ndogo ya mviringo tu, basi. Anafutwa machozi, anapewa uji. Kumbe ndani bandama imepasuka. Huku kwetu kwenye malaria watoto wengi wana bandama iliyovimba, nayo hupasuka kwa pigo dogo. Baada ya muda anapauka, jasho la baridi linamtoka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, tumbo linakuwa gumu, na mara nyingine analalamika bega la kushoto ingawa bega halikuguswa. Asile wala asinywe chochote. Alazwe, afunikwe blanketi, aletwe upesi, msisubiri dalili zote zitimie. Na waje naye ndugu watu wazima wawili au watatu walio na afya njema, wawe tayari kutoa damu.