Kebo ya intaneti inaweza kuwa sikio letu baharini

Kwa wengi wetu hapa Pwani, kebo ya faiba ni ya intaneti basi. Tangu TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, gumzo letu limekuwa bando na kasi. Lakini uzi uo huo wa kioo unaweza kufanya kazi nyingine: kusikiliza bahari.

Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele. Mwanga hupita ndani yake kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kioo hicho kina dosari ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na mwanga ukizigonga, sehemu ndogo hurudi nyuma. Mtambo ulio nchi kavu hurusha miale ya leza mara nyingi kila sekunde na kupima mwanga unaorudi. Sakafu ya bahari ikitikisika, uzi huvutika kidogo na mwanga huo hubadilika. Muda uliochukua kurudi ndio unaoonyesha mtikisiko uko umbali gani. Hivyo kebo moja hugeuka kuwa maelfu ya masikio yaliyopangwa foleni.

Si hadithi za kubuni. Mwaka wa 2020, watafiti kule Svalbard, Norwe, walisikia nyangumi kupitia kebo ya kawaida ya mawasiliano.

Je, sisi itatufaa nini? Februari 2012, nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa na intaneti ikadorora. Kebo inayosikia inaweza kugundua nanga ikiburutwa kabla haijaifikia. Tena, tusisahau tsunami ya Desemba 26, 2004. Hapa Kenya alifariki mtu mmoja, lakini Somalia walikufa watu wapatao 300. Mfumo wa tahadhari wa Bahari Hindi ulianzishwa baada ya msiba huo. Kebo haiwezi kuchukua nafasi yake, ila inaweza kuuongezea masikio.

Ina mipaka pia. Kwa njia hii, kebo husikia hadi kilomita mia moja hivi kutoka ufuoni, kwani mbele kuna vifaa vya kuongeza nguvu ya mwanga ambavyo huzuia mwanga unaorudi. Na mtambo wenyewe ni ghali.

Lipo jambo jingine. Kebo inayosikia nyangumi husikia pia mashua ya mvuvi ikipita juu yake. Nani ataweka rekodi hizo? Je, mvuvi wa Shimoni au Kipini atanufaika, au atachunguzwa tu?

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kebo mpya zikiombewa vibali, viongozi wetu waulize mambo mawili: taarifa za mitetemeko zitafika vipi kwa idara ya hali ya hewa na vyuo vyetu, na nani atalinda siri za wanaotafuta riziki baharini. Bahari ni yetu, na yanayosikika humo yatuhusu.