Fahamu: Fao la kukosa ajira Tanzania
Ukipunguzwa kazi nawe ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), usikae nyumbani ukidhani michango yako imelala hadi uzeeni. Sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira: mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Ni kidogo, lakini hulipa kodi ya chumba.

Aliyeacha kazi kwa hiari hapati. Ndiyo maana barua ya mwajiri ya kukuachisha kazi ndiyo roho ya dai. Isome neno kwa neno. Ukishawishiwa kuandika kwamba umejiuzulu ilhali umeachishwa, kataa, tafadhali. Ukipata kazi nyingine, toa taarifa, kwani malipo husimama.